Bibi Salme Baharini: Meli na Hadhi ya Mwanamke, 1866 na 1885

Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, alilelewa katika mazingira ambamo kuta, mapazia na barakoa vilimtenga mwanamke na wanaume wasio maharimu yake. Mwezi Agosti 1866, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, alitoroka kwa manowari ya Uingereza, Highflyer, hadi Aden. Katika chombo cha mabaharia wa kigeni hapakuwa na ua wa wanawake. Heshima ya binti wa sultani ilitegemea ulinzi wa waliomchukua.

Safari hiyo ilihitaji siri. Ile ya 1885 ilihitaji aonekane. Akiwa mjane, alirejea Unguja pamoja na watoto wake katika meli Adler, iliyoambatana na manowari za Ujerumani, wakati Bismarck akimshinikiza Sultani Barghash. Kaka yake hakumpokea.

Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zastahili basi kusomwa pia kama maandishi ya safari. Meli ilimpa njia ya kutoka, lakini ilimweka chini ya dola iliyoimiliki.