Sungura wa Calcutta na sumu ya kipindupindu (Sehemu ya 4)

Tangu Sehemu ya 3 inbox imejaa swali moja: "Nesi, nampa mtoto ORS na bado anaharisha, sasa si haifanyi kazi?" Jibu lake lina historia ndani yake, kwa hiyo leo mnivumilie nisimulie kidogo.

Tuanze na kipindupindu, maana ndicho kilichotufundisha mengi. Kwetu si kigeni. Mwaka 1869 na 1870 kiliipiga Zanzibar vibaya, na daktari aliyekuwa huko, James Christie, akafuatilia njia kilizopitia Afrika Mashariki hadi akaandika kitabu kizima, kikatoka 1876. Ila kinachoua hasa ni nini, hakukuwa na jibu. Mwaka 1884 Mjerumani Robert Koch, akiwa Calcutta kule India, akamtambua bakteria mwenyewe, kijidudu kilichojipinda kama alama ya mkato. (Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa ameshamwona kwenye hadubini tangu 1854, lakini nani alimsikiliza?) Koch akasema huyu lazima anatoa sumu. Sumu yenyewe hakuipata.

Ikapita miaka 75 jamani! Watafiti walikuwa wakiwadunga wanyama bakteria hawa kwenye mishipa ya damu au ndani ya tumbo nje ya utumbo. Mnyama anaugua, pengine anakufa, lakini haharishi. Wengi wakaamini sumu imo ndani ya mwili wa bakteria na inatoka pale anapokufa.

Aliyefungua fundo ni daktari wa Calcutta, Sambhu Nath De. Hakuwa na maabara ya kifahari. Alichukua sungura, akafunga kipande cha utumbo mwembamba kwa uzi huku na huku, kama unavyofunga soseji, akaingiza bakteria humo ndani. Kesho yake kile kipande kimevimba, kimejaa majimaji kama maji uliyooshea mchele. Waliowahi kuhudumia mgonjwa wa kipindupindu wanayajua maji hayo. Kisha akafanya jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Alichukua supu walimokuzwa bakteria, akaichuja mpaka asibaki hata mmoja, akaingiza ile supu tupu. Utumbo ukajaa maji vilevile! Yaani bakteria hayupo, ila alichokitema kipo na kinafanya kazi. Aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1959 katika jarida la Nature. Joshua Lederberg, mwenye Nobel yake, alimpendekeza De apewe naye. Hakupewa, akafariki 1985. Kwa kweli linaniuma.

Sasa hiyo sumu ni kitu gani? Ni protini. Bakteria wa kipindupindu hapenyi ndani ya mwili wako, anakaa juu ya ngozi laini ya utumbo tu. Anaitengeneza protini ndani yake, kisha anaisukuma nje kwa mtambo mdogo ulio kwenye ukuta wake, kama pampu. Protini hiyo ina vipande sita. Vitano vinashika seli ya utumbo kama vidole vya mkono, na cha sita ndicho kinachoingia ndani. Kikishaingia kinabana swichi ya seli ibaki imewashwa. Seli inamwaga chumvi kwenye utumbo bila kukoma, na chumvi ikienda maji yanaifuata. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Wapo pia E. coli wanaotema sumu inayofanana sana na hii, na hao wanaharisha watoto wetu wengi.

Hapa ndipo ORS inapoingia. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba utumbo una mlango ambao sukari na chumvi huingia pamoja, zimeshikana mikono, na maji nyuma yao. Mlango huo sumu haiugusi! Kwa hiyo mama, ORS haizimi ile swichi. Bomba la kutoa linaendelea kuvuja mpaka seli zilizoathirika zibadilishwe na mpya, nawe unajaza maji kupitia mlango mwingine. Mtoto kuendelea kuharisha siku ya pili haimaanishi ORS imeshindwa. Angalia kama anakojoa, mdomo una unyevu, na machozi yapo akilia. Akilegea, macho yakizama, akitapika kila kitu au akishindwa kunywa, usisubiri kesho, mlete hospitali.

Mwaka 1968 madaktari kule Dhaka walionyesha kuwa wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunywa, dripu zikapungua sana. Wakubwa wengi wa tiba hawakuamini. Mwaka 1971 vita vikazuka, wakimbizi wakafurika mji wa Bangaon, India, na kipindupindu kikawafuata. Dripu zikaisha. Dk. Dilip Mahalanabis akaagiza sukari ya glukosi, chumvi na magadi vifungwe kwenye pakiti, vikorogwe kwenye mapipa yenye bomba, na wanaowanyweshea wagonjwa wakawa ndugu zao wenyewe, mama na shangazi. Kabla ya hapo walikuwa wakifa kama 30 katika kila 100. Kwa maji ya mapipa yale wakafa chini ya 4.

Sehemu ya 5 ni vidonge vya zinki, na kwa nini unapewa vya siku 10 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.