Filamu ya Rangi Moja

Mara ya kwanza niliiona kwenye simu ya rafiki, tumekaa nje ya nyumba usiku, nikadhani skrini imeharibika. Buluu tu, mwanzo mpaka mwisho, zaidi ya saa nzima. Hakuna mtu, hakuna mti. Kuna sauti. Rafiki akasema, "Usiangalie sana. Sikiliza."

Inaitwa Blue, ya mwaka 1993. Aliyeitengeneza ni Derek Jarman, Mwingereza, mchoraji na mtu wa sinema, mwanaume aliyependa wanaume na hakuficha. Desemba 1986 alipimwa akakutwa na virusi vya Ukimwi. Akasema hadharani. Mwaka 1988 kwao ikapita sheria ya kukataza serikali za mitaa kuunga mkono mapenzi ya jinsia moja. Yeye akaendelea na kazi.

Imani nayo hakuwaachia waliomhukumu. Katika The Garden, 1990, iliyopigwa zaidi Dungeness, pwani ya kokoto alikoishi karibu na kituo cha nyuklia, alisimulia mateso ya Yesu, ila wanaokamatwa na kupigwa ni wanaume wawili wapenzi. Wengine wataita kufuru. Mimi niliyekulia kwaya nilisikia swali: leo tunamsulubisha nani?

Buluu ile aliipenda zamani kutoka kwa mchoraji Mfaransa Yves Klein. Ugonjwa ulipoanza kumla macho, ikapata maana nyingine. Sauti zinataja dripu, orodha ndefu ya madhara ya dawa, marafiki waliokufa, viatu vya dukani asivyoona sababu ya kununua, maana alivyonavyo vitamfikisha mwisho. Mara anakaa mgahawani, wanaomletea kahawa ni wakimbizi vijana kutoka Bosnia, na magazeti yamejaa vita vya Sarajevo. Hapo nilisimamisha filamu. Kumbe huyu anayekufa alituona.

Ilirushwa pamoja kwenye televisheni na redio, kwa hiyo hata asiyeona aliipata yote. Jarman alifariki tarehe 19 Februari 1994, ana miaka 52. Mwaka 1996 dawa za mseto zikaanza kurudisha watu kutoka kitandani.

Dawa za namna hiyo ndizo tunazopangia foleni hapa kambini. Zangu nazihamishia kwenye kopo la maziwa, jirani asijue. Jarman hakuzipata dawa hizo, ila jina la ugonjwa wake alilitamka mbele ya watu wote. Mimi dawa ninazo. Jina, kanisani kwetu, bado sijalitamka.