Sanduku la kufuli tatu: maneno ya mifuko ya uwekezaji yalikotoka

Kila msimu wa mauzo ukiisha, kuna mkulima au mwenye duka ananiuliza habari za vipande. Ameambiwa anunue, akarushiwa maneno matano asiyoyajua. Leo tuyafuate yalikotoka, kwa sababu karibu kila neno lina hasara ya mtu nyuma yake.

Mwaka 1772 na 1773 mabenki yalianguka London na Amsterdam. Aliyekuwa amemkopesha mtu mmoja akiba yake yote aliumia. Mwaka 1774 dalali wa Amsterdam, Abraham van Ketwich, akaanzisha mfuko alioupa jina la Eendragt Maakt Magt, maana yake umoja huleta nguvu. Aliugawa katika vipande 2,000, kila kimoja gulden 500. Fedha zilitawanywa kwenye hatifungani za nchi kadhaa na mikopo ya mashamba ya Karibea (yaliyolimwa na watumwa, tusilipite hilo kimya). Ni akili ya mkulima anayepanda mahindi, mtama na mbaazi: mvua ikigoma, kimoja huenda kikapona.

Nyaraka zenyewe zilifungiwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zikashikwa na watu tofauti. Wana VICOBA hapo mmeshacheka! Leo kazi ya sanduku hilo ni ya mwangalizi wa mfuko, mara nyingi benki. Meneja wa mfuko huamua kinunuliwe nini, mwangalizi hutunza mali. Ukikutana na mtu anayekusanya fedha, anaziwekeza na kuzitunza yeye yule yule, shika pochi yako.

Van Ketwich aliandika kwenye waraka wa toleo kwamba gawio lingekuwa asilimia 4 kwa mwaka. Uholanzi ikaingia vitani na Uingereza mwaka 1780, mikopo ya mashamba ikayumba, malipo yakapunguzwa. Mfuko ulikuja kufungwa mwaka 1824. Miaka hamsini!

Ndiyo maana jambo lililofanyika Boston, Marekani, mwaka 1924 lina uzito. Mfuko wa Massachusetts Investors Trust ulikubali kununua tena kipande cha mwanachama anayetaka kutoka, kwa thamani halisi ya kipande. Hesabu yake ni nyepesi: chukua mali ya mfuko, toa madeni, gawanya kwa idadi ya vipande. Mali ikiwa sh. 10,500,000, madeni sh. 500,000, na vipande 50,000, kila kipande ni sh. 200. Kesho hisa zikishuka, kipande nacho kinashuka. Soko lilipoanguka mwaka 1929 waliotaka kutoka Boston walitoka, lakini kwa bei ya siku hiyo. Kwa hiyo fedha ya mbegu na mbolea ya msimu ujao mimi nisingeiweka kwenye mfuko wa hisa.

Kwetu Tanzania, UTT iliundwa mwaka 2003, na mwaka 2005 ikaanza kuuza vipande vya mfuko wake wa kwanza, uliopewa jina la Umoja. Tangu 2013 msimamizi ni UTT AMIS. Mifuko imeongezeka na masharti hayafanani: mingine hugawa gawio, mingine huacha faida ikue ndani ya kipande. Kuna inayokata ada ukitoka. Ada hiyo huandikwa kwenye waraka wa toleo, iulizie kabla hujajaza fomu.