Fidia ya ugonjwa wa Vita vya Ghuba

Fidia ya ugonjwa wa Vita vya Ghuba ni malipo ya ulemavu ya kila mwezi ambayo serikali ya Marekani huwapa wanajeshi wake wa zamani wenye maradhi sugu yasiyojulikana chanzo. Iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1994, baada ya maelfu ya askari waliopigana Kuwait na Iraki kurudi na uchovu usiokwisha, maumivu ya viungo, kukosa usingizi na kusahau, huku vipimo vikionyesha hawana kitu.

Mdai hutakiwa kuthibitisha utumishi wake katika eneo la Ghuba, Omani ikiwemo, tangu Agosti 2, 1990, na dalili zilizodumu miezi 6 au zaidi. Halazimiki kuonyesha kilichomletea ugonjwa, na hapo ndipo penye uzito wa sheria hii: mgonjwa habebeshwi swali lililowashinda madaktari. Sheria ya PACT ya 2022 iliongeza maradhi yanayohusishwa na moshi wa mashimo ya kuchomea taka, ikiwahusu pia waliotumikia Somalia. Kiwango hufuata asilimia ya ulemavu, si makazi. Anayeishi Karatu hulipwa sawa na wa Chicago.