Nyuzi Zilizokosana

Kijitabu cha istilahi za muziki kinachozungushwa miongoni mwa walimu wa huku kwetu Kajiado kilinifikia Kitengela kikiwa nakala ya nakala, wino umefifia, jalada halina jina la mtu wala la kamati. Nadhani waliokitunga walikuwa na sababu ya kujificha. Katika ukurasa wa pili, kile kitendo ambacho kila mpiga gita hukifanya kabla ya kugusa wimbo wowote, na ambacho vijana wa hapa hukiita kutyuni, kimepewa jina la "ukazaji wa nyuzi". Mtendaji ni "mkazaji". Na kile kidude kinachobanwa kwenye kichwa cha gita, chenye mshale unaochezacheza kati ya wekundu na kijani, ni "kikazio".

Kutyuni ni nini, kila asomaye makala haya anajua. Sitapoteza wino kueleza. Ninachodai ni kwamba anayeita kitendo hicho ukazaji hajawahi kukitenda.

Kukaza ni kuvuta kitu kisilegee. Mtu hukaza kamba ya mzigo juu ya gari, hukaza nati, hukaza mkanda mwezi ukiwa kona. Amri ya kukaza haina mwisho ndani yake: ukishakaza, waweza kukaza tena. Mwanafunzi akiambiwa akaze uzi wa kwanza, ule wa chuma wenye unene wa robo milimita hivi, atakaza mpaka ukatike umchane kidole, na atakuwa ametii neno kwa neno. Isitoshe, nusu ya kazi yenyewe ni kulegeza. Asubuhi za Julai, baridi inapotanda juu ya nyanda za Kapiti, nyuzi za chuma hunywea na sauti yake hupanda. Mpiga gita wa kanisa la hema hapa Kitengela hufika akalikuta gita lake liko juu, na huwa hana budi kulegeza. Jua likishalipiga hema hadi kufikia saa tano, nyuzi hutanuka, sauti hushuka, naye hurudi kwenye vigingi kuzivuta. Kwa mujibu wa kijitabu, ukazaji wake ulianza saa tano. Alichokifanya asubuhi hakina jina.

Najua watakavyojitetea, kwa kuwa mmoja wa watetezi wao alishanijibu hadharani, kwa sauti ya mtu aliyesoma jambo jana usiku. Alisema neno la Kiingereza *tune* ni ndugu wa *tone*, ambalo lilisafiri kupitia Kifaransa na Kilatini kutoka Kigiriki, *tonos*, na kwamba *tonos* nalo linatokana na kitenzi chenye maana ya kuvuta au kutanda. Kwa hiyo kukaza, akahitimisha, ndiyo maana ya asili. Watu wakampigia makofi. Nami nakubali kila alichosema isipokuwa hilo "kwa hiyo". Mwingereza anayetyuni fidla leo hamkumbuki Mgiriki yeyote, na sisi hatuna deni la kumkumbuka kwa niaba yake.

Tena, kama kweli tunatafuta babu wa neno, mbona tukimbilie kwa Mgiriki peke yake? Mjerumani husema *stimmen*, kutokana na *Stimme*, sauti ya mtu. Kwake yeye, uzi hutiwa sauti. Wapiga udi wa Kiarabu wana *duzan*, walilolipokea kwa Waturuki, ambao *düzen* kwao ni mpangilio. Mfaransa husema *accorder*, na hapo ndipo ninapovua kofia. Neno hilo lina shina la Kilatini *cor*, moyo: kuuleta moyo karibu na moyo mwingine. Baadaye likachanganyikana na *chorda*, uzi, hata ikawa vigumu kusema moyo unaishia wapi na uzi unaanzia wapi. Nalo ndilo lililokuwa neno la Kifaransa cha serikali katika Kongo ya Wabelgiji, nchi ya mpiga gita Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, na ambaye mwaka 1959 alikuja Nairobi kutangaza vidonge vya Aspro kwa gita lake. Sidai kwamba Bosco alikuwa akiwaza Kilatini alipogusa vigingi. Ila wapigaji wa gita la vidole wa Kenya wamejifunza mengi kutoka Katanga na hawakujifunza lolote kutoka Athene.

Hata hivyo hatuna haja ya babu wa kuazima. Kiswahili kina *pata*. Wazee husema kisu hakipati, maana yake ni butu. Husema saa haipati, maana yake imeachana na majira. Katika matumizi hayo hakuna mtu anayepokea kitu. Kifaa kinatimiza kazi yake au kinashindwa. Vijana wengi wa Kitengela hawayajui matumizi haya, na watunga kijitabu, nasikitika kusema, nao ni vijana kwa maana hiyo. Weka *-ana* ya kutendana na utapata *patana*: vitu viwili, kila kimoja kikipata kwa mwenzake. Sokoni muuzaji huwa juu, mnunuzi huwa chini, kila mmoja husogea kidogo, nao hupatana bei bila muuzaji kugeuka mnunuzi. Kisha weka *-isha*, na una *patanisha*. Kupatanisha nyuzi. Upatanishaji wa nyuzi. Hilo ndilo neno langu, nimelitetea kwa miaka na sikusudii kuliacha.

Nguvu yake yote imo katika hiyo *-ana*. Uzi mmoja, ukiwa peke yake, hauna kosa wala haki. Ule mnene wa sita hutetemeka mara 82 na nukta nne kwa sekunde, na hapana sheria ya mbinguni iliyosema iwe hivyo. Usawa wake huonekana unapopigwa pamoja na wa tano, unaotetemeka mara 110, kwa kuwa uhusiano wa hizo mbili ni karibu sana na tatu kwa nne, na sikio hufurahia uhusiano wa namna hiyo. Teremsha nyuzi zote sita kwa kiasi kilekile na gita bado litaimba vizuri, ingawa kila uzi umeondoka mahali pake. Kukaza ni kati ya mkono na kigingi. Kupatana ni kati ya sauti na sauti.

Ndiyo maana *patana* huja na *na* yake, ambayo *kaza* haina pa kuiweka. Wapo miongoni mwetu wanaopanga upya kanda za zamani, benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo, wakizihamisha kutoka kaseti hadi kompyuta na kuziandikia maelezo. Kila aliyejaribu kupiga gita sambamba na kanda hizo anaujua mkasa wake. Mota ya kinasa sauti ilienda mbio au mkanda wa mpira ulilegea, na wimbo mzima ukaangukia katikati ya noti mbili, mahali pasipo na jina. Bendi yenyewe ilikuwa imepatana vizuri kabisa. Ila haipatani na gita lako, wala na ile 440 iliyokubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939 kuwa kipimo cha noti ya la. Katika maelezo ya kanda huwa naandika: "Magita yamepatana; kanda haipatani na 440, iko juu." Sentensi fupi, mambo mawili, hayachanganyiki. Naomba mtetezi wa kijitabu aiandike kwa ukazaji, nami nitamnunulia chai.

Lipo kundi jingine linalopendekeza *kulinganisha*, nalo nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu lina masikio. Neno lenyewe lina *-ana* na *-isha* kama langu. Lakini nchini Kenya shule imekwisha kulila. Mtoto akisikia "linganisha" huona karatasi ya mtihani na safu mbili, hiki kinafanana vipi na kile. Kulinganisha ni hatua ya kwanza tu: unabana uzi wa sita kwenye nafasi ya tano, unaulinganisha na wa tano ulio wazi, unasikia zinapishana. Kazi haijaanza bado! Tena jirani wa neno hilo ni *lingania*, kuita watu kwenye dini, na sipendi mtyuni wa gita afanane na mlinganiaji. *Kusawazisha* sitalijadili sana. Mtangazaji wa mpira akisema timu imesawazisha, ni moja kwa moja. Nyuzi sita zikiwa sita kwa sita, zote na sauti ileile, hiyo itakuwa kengele.

Kicheko kikubwa dhidi yangu hutoka kwenye redio. Nikisema upatanishaji, wanaanza kuiga kipindi cha Patanisho cha Radio Jambo, ambamo watangazaji Gidi na Ghost wamejulikana kwa kuwapigia simu waume na wake waliokosana. Ati uzi wa pili umemtoroka wa tatu, umerudi kwao, hautaki kupokea simu. Nimeusikia mzaha huo mara nyingi kuliko ninavyostahili, na wanaoutoa hawajui kwamba wananisaidia. Ni kweli uzi wa pili na wa tatu ndio wenye ndoa ngumu zaidi katika gita. Nyuzi nyingine zote hupatanishwa kwa nafasi ya tano; hizi mbili ni kwa nafasi ya nne, na kati yao kuna ule umbali wa do na mi ambao haujawahi kutulia tangu wanadamu waanze kuupima.

Nieleze, maana hapa ndipo neno langu linaposhinda kwa hesabu. Do na mi zikiimbwa na wanakwaya wenye masikio mazuri, umbali wake ni mfinyu kuliko tunaoupata kwenye gita. Tukiigawa nusu-toni sehemu 100, umbali wa sikio ni sehemu 386 hivi, wa gita ni 400. Ziada hiyo ya 14 haikuletwa na fundi mbovu. Ili gita lipigwe katika kii zote, nusu-toni zote 12 zimefanywa sawa, hesabu ambayo Zhu Zaiyu wa China aliikamilisha mwaka 1584, na bei yake ni kwamba karibu kila umbali umeachia kitu. Mwanafunzi hupatanisha uzi wa pili kwa sikio ndani ya kodi ya sol mpaka ukawa asali, kisha hupiga kodi ya mi na kukuta uchungu. Anarudi, anaharibu ya kwanza kurekebisha ya pili. Mwishowe anajifunza kuacha kila upande ukiwa umenung'unika kidogo. Kiswahili kina neno la hali hiyo tangu zamani, nalo ni mapatano.

Halafu kuna jambo ambalo kijitabu cha Kajiado, cha Kajiado jamani, kingepaswa kulijua kabla ya jingine lolote. Muziki mkongwe wa kaunti hii hauna uzi hata mmoja. Wamaasai huimba kwa koo. Olaranyani hutangulia kwa kutoa *namba*, mstari wa kuutambulisha wimbo (msichanganye na namba ya simu), kundi humwitikia kwa pamoja, na mngurumo wa sauti za chini huendelea huku yeye akipaa juu yake. Zaidi ya pembe ya tandala inayopulizwa katika sherehe fulani, hakuna ala. Hakuna kigingi, wala mshale wa kijani. Na bado sauti hizo hukaa mahali pake kuliko magita mengi ninayoyasikia Jumamosi usiku katika vilabu vya nyama choma kando ya barabara ya Namanga. Mkazaji wao ni nani? Au tuvuke mpaka, twende Dodoma kwa Wagogo. Mwanamuziki wao Hukwe Zawose alipoiandaa ilimba yake, alisogeza ndimi za chuma, kuzirefusha au kuzifupisha. Ngoma hupashwa moto. Kwaya hupewa sauti na mwalimu wake. Istilahi inayofaa gita peke yake, tena nusu ya wakati, ni jina la utani.

Ndimi, ngozi na koo zote hupatana. Na zote hukosana, hoja ambayo ningeweza kuanza nayo nikamaliza. Neno zuri huja na ukoo wake. Gita limekosana: kila Mswahili anaelewa, hata asiyewahi kulishika. Nyuzi mbili zimekosana, mpatanishi ni nani, kipatanishi kiko wapi, kimeisha betri, basi tupatanishe kwa masikio. Wenzetu wa kikazio watasema nini gita likiharibika? Limekazuka?

Matumizi, kwa haraka, maana nafasi inaisha: *kupatana* kwa hali ya nyuzi au ala, *kupatanisha* kwa kitendo, *upatanishaji* kwa stadi yenyewe, *kipatanishi* kwa kifaa. Kigingi kibaki kigingi. Anayependa kusema kutyuni mtaani aendelee, hana kesi na mimi.

Kuhusu kile kibano kidogo cha kufupisha nyuzi zote kwa pamoja, ambacho wapigaji wote wa Kenya hukiita kapo na hawajawahi kulalamika, kijitabu kimekiita "kikaba shingo". Hilo nitaliandikia makala yake, nikishatulia.