Saadani: ng'ombe waliondoka, tembo wakarudi



Mtoto wa kaka yangu kule Ikwiriri anaolewa huku kwetu Unguja, inshaAllah, na juzi kanipigia simu. "Shikamoo shangazi. Mwenzangu anasema tukimaliza fungate anipeleke Saadani. Kuna nini huko?" Nikamwambia kuna bahari, kuna mto, kuna twiga na tembo, na zamani palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe. Akacheka. "Ng'ombe tena, shangazi? Si wale waliotumalizia mihogo?"

Mtu wa Rufiji ana haki ya kuuliza hivyo. Wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu mnamo 2006 na 2007, wengi waliteremka na mifugo yao hadi bonde la Rufiji, na Ikwiriri imeona ugomvi wa wakulima na wafugaji kwa macho yake. Lakini ng'ombe wa Saadani walikuwa wa namna nyingine, wala hawakuja kwa miguu wakifuata malisho. Wacha niwaeleze, maana wengi wetu tunaziona picha za ufukwe ule bila kujua tunakanyaga ardhi ya nani.

Saadani iko bara, ng'ambo ya Unguja, kati ya Bagamoyo na Pangani. Kabla ya ranchi na kabla ya hifadhi ulikuwa mji wa Waislamu, bandari ya misafara ya pembe za ndovu iliyoshindana na Bagamoyo. Mwenye mji karne ya kumi na tisa alikuwa Bwana Heri bin Juma. Wajerumani walipojitwalia pwani mwaka 1888, Abushiri bin Salim akasimama Pangani na Bwana Heri akasimama Saadani. Mwaka 1889 manowari zikaupiga mji mizinga. Abushiri akakamatwa na kunyongwa Desemba mwaka huo huo. Bwana Heri hakukubali. Alirudi nyuma, akajijengea ngome ya magogo Mlembule na kuendelea kupigana. Kilichomwangusha hatimaye ni njaa kuliko bunduki. Watu wake hawakuwa na chakula, na Aprili 1890 akakubali sulhu. Mji haukurudia hadhi yake tena. Ulibaki kijiji cha wavuvi wa kamba na wachemsha chumvi, na boma la Mjerumani likabaki hapo kama mgeni aliyesahau kuondoka.

Watu walipopungua, nyika ikaonekana tupu. Neno hilo "tupu" mimi siliamini, na nitawaambia kwa nini.

Katika miaka ya 1950 kampuni ya Amboni, iliyokuwa na mashamba ya mkonge Tanga, ilianzisha ranchi upande wa kaskazini, Mkwaja. Vibarua wa mkonge walikuwa wengi na walihitaji nyama. Ardhi ilikuwa karibu kilomita za mraba 460, na ng'ombe walifika zaidi ya elfu kumi, wengi wao Boran. Shida ilikuwa moja, na wazee wa Rufiji wanaijua vizuri: mbung'o. Nyika ile imejaa mbung'o, naye akiuma ng'ombe humtia nagana. Mnyama anakonda, anaharibu mimba, anakufa. Ndiyo maana wenyeji wa pwani ile hawakuwa wafugaji wakubwa. Hawakuwa wajinga wala wavivu.

Kampuni ilipambana kwa sindano. Ng'ombe walidungwa dawa ya kinga, wakadungwa tena, mwaka baada ya mwaka, na wataalamu wa mifugo wakaja kuandika habari zao kwa sababu ilionekana ajabu ng'ombe kuishi na kuzaa mahali kama pale. Vichaka vilifyekwa, na vikarudi. Kilichorudi zaidi ni mgunga mmoja wenye miiba iliyovimba na sisimizi ndani, na wataalamu wa mimea wameuita kwa jina la kwetu, zanzibarica. Nilipolisikia hilo nilicheka peke yangu jikoni: kumbe na sisi tumo katika kuishinda kampuni ya mkonge! Malisho yakageuka miiba, dawa zilitaka fedha kila siku, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Karibu miaka hamsini ya kazi.

Msiwacheke sana, maana na sisi wa visiwani tulikuwa na letu. Kusini ya mto Wami, Serikali ya Mapinduzi Zanzibar iliwahi kufuga ng'ombe katika ranchi iliyoitwa RAZABA, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Nayo haikudumu, na leo sehemu ya ardhi ile imepandwa miwa.

Ardhi ya Mkwaja ikaunganishwa na pori la akiba la Saadani, lililokuwapo tangu miaka ya 1960, pamoja na msitu wa Zaraninge, na mwaka 2005 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani, zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Makao makuu yake yako huko huko Mkwaja. Tembo wakarudi, na kongoni, kuro, tohe na ngiri wakaingia kwenye malisho yaliyoachwa.

Sasa lile neno "tupu". Ndani ya mipaka ya hifadhi kuna kitongoji cha wavuvi kiitwacho Uvinje. Watu wake wanasema wazee wao ndio waliokubali wanyama walindwe miaka ile ya sitini, kwa makubaliano kwamba wao wangebaki na ardhi yao. Mipaka ya hifadhi ilipochorwa wakajikuta ndani, na wenye hifadhi wakashika kwamba eneo lile ni la hifadhi. Mvutano umeendelea miaka mingi. Mimi si hakimu. Lakini ukikaa ufukweni na mumeo ukala kamba watamu, jua kwamba kuna mama mahali pale ambaye kwa miaka mingi hakujua kama angeruhusiwa kuezeka nyumba yake upya. Ranchi iliposhindwa, kampuni ilikuwa na pa kwenda. Mvuvi wa Uvinje aende wapi?

Nilimweleza mwanangu yote hayo, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Sasa shangazi, tusiende?"

Nendeni! Nendeni na macho wazi. Kutoka Unguja ni ndege ndogo, dakika chache tu juu ya maji. Kwa gari, shika barabara ya Chalinze kwenda Segera, ukifika Mandera kata kulia kuelekea pwani. Masika usijaribu, udongo wake mweusi ukilowa unameza gari. Boti ya mto Wami ni ya lazima, maana utaona viboko na mamba ukiwa umekaa, na ndege wa kila rangi kwenye mikoko karibu na mlango wa mto. Ufukwe wa Madete ndiko kasa wanakopanda kutaga. Ukijaaliwa kuwapo siku mayai yanapoanguliwa, utaona vitoto vyake vinavyokimbilia maji, subhanAllah. Usimulike tochi, usivishike. Na ukipita kijijini Saadani jistiri vizuri, toa salamu, nunua samaki wao.

Jambo la nguo nalisisitiza, maana maharusi wengi hawaambiwi. Mbung'o hakuondoka na ng'ombe. Yuko palepale, na anapenda rangi nyeusi na buluu. Hata mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa hiyo mabuibui yako meusi matatu yaache sandukuni. Vaa dera pana la rangi ya mchanga au maziwa, mikono mirefu, mtandio mwepesi wa rangi hiyo hiyo. Stara iko palepale, na mgongo wako utapona.

Na mkifika upande wa Mkwaja, mwambie dereva asimame mahali utakapoona majani mafupi ya ukoka katikati ya miiba, ngiri na tohe wamejaa wanakula. Hapo palikuwa zizi. Ng'ombe walilala hapo usiku kwa miaka mingi, samadi yao ikaingia ardhini, na hadi leo majani ya pale ni matamu kuliko ya pembeni.