Utupa: Sumu ya Samaki Iliyoingia Shambani

Wengi wetu tukisikia utupa tunafikiri samaki tu. Ni kweli, kazi yake ya zamani ni ya mtoni. Katika Afrika ya kati na ya mashariki kijiti hiki kilipandwa karibu na nyumba, majani yakatwangwa, yakatiwa ndani ya kijito kilichozibwa wakati maji yamepungua. Samaki wanalewa, wanaelea, watu wanaokota. Sumu yake inaitwa rotenoni: inakata pumzi ndani ya mwili wa samaki na wa wadudu.

Basi, siku hizi majani yaleyale yanasifiwa kuwa dawa ya mababu ya kuponya muhogo. Hapo tusidanganyane. Muhogo wenyewe ni mgeni, Wareno waliuleta kutoka Amerika tangu karne ya 16. Na utitiri wa kijani, adui yake, umekuja juzi tu: katika Afrika ulionekana mara ya kwanza Uganda, mwaka 1971, ndipo ukaingia na kwetu Kongo. Wazee wa zamani hawakuujua. Walichotuachia ni kuijua sumu. Kuipeleka kwenye utitiri ni kazi ya watoto wao.

Utitiri si mdudu kamili, una miguu minane kama buibui. Unanyonya majani machanga ya juu, yanapata madoa ya manjano, yanakunjamana, mwisho ncha inabaki mtupu kama mshumaa. Kiangazi ndiyo sikukuu yake; mvua kubwa inauosha. Dawa za dukani nazo zina hila: tangu enzi ya DDT, baada ya vita ya 1945, wakulima wa inchi nyingi waliona utitiri unaongezeka, kwa sababu wale wanaoula walikufa kwanza.

Dawa ya utupa inatengenezwa hivi: majani yanatwangwa, yanalala ndani ya maji usiku mmoja, yanachujwa, inaongezwa sabuni kidogo ili maji yashike kwenye jani. Inanyunyizwa jioni, maana jua linaiharibu upesi.

Kwa Epulu jambo lina uzito wa pekee. Tuko ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992, na mto unapita mlangoni. Ndoo ikisafishwa kwenye kijito, sumu imerudi kwa samaki bila mtu kutaka. Halafu kuna sombe! Utitiri unakaa kwenye majani yaleyale machanga ambayo wamama wanachuma kwa chakula cha jioni. Sisi tunaona shamba la sombe liachwe bila utupa kabisa. Heri kukata ncha zilizougua na kuzichoma.

Wataalamu wa IITA nao walishika njia nyingine: mwaka 1993, kule Benin, waliachilia utitiri mwingine kutoka Brazili, unaoishi katika ncha ya muhogo na kula ule wa kijani. Huyo mlinzi naye, utupa ukimfikia, hauchagui.